Mama Wawili Katika Mchoro

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania, nimepanga chumba Schaerbeek, Ubelgiji, na mchana nilifanya kazi katika ofisi ndogo kule Evere. Tulikuwa tunatengeneza hifadhi ya kumbukumbu za familia zilizohamia Ubelgiji. Niliyekaa naye meza moja alikuwa mhandisi kutoka Lubumbashi, mwanamke wa makamo asiyependa kuharakishwa. Nilimwita dada.

Tulichukua michoro ya UML, yale masanduku na mistari ambayo watengeneza programu huchora kabla ya kuandika chochote, tukaigeuza iwe kauli ambazo kompyuta ingeweza kuzitafakari yenyewe na kuziunganisha na za ofisi nyingine mtandaoni. Kwenye mchoro, mstari kati ya mtoto na mama ulisema mtoto ana mama mmoja. Tukauhamisha kama ulivyo.

Ili kujaribu, kila mtu aliingiza ukoo wake. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Mama mkubwa, dada yake, ndiye aliyenilea. Niliwaandika wote kuwa mama zangu, maana ndivyo ilivyo.

Nilitegemea mashine ikatae. Haikukataa. Ilionyesha kwamba wanawake wale ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Na kwa kuwa mmoja ni marehemu, mama mkubwa naye akawa marehemu, kwa tarehe ya kifo cha mdogo wake.

Nilijua ni kompyuta tu, lakini nilimgeuzia dada skrini.

Dada akasogeza kiti. "Bon, machine haikukosea," alisema. "Tuliiambia mutoto iko na mama moja tu. Alors, ikiona bamama babili, inasema ni muntu moja."

"Kwenye mchoro ingekuwa kosa."

"Kwenye mchoro, ndiyo. Huku kwenye kauli, majina mbili inaweza kuwa ya muntu moja, mpaka useme hapana. Donc, tutasema." Akaniangalia. "Huyu mama mukubwa, eko muzima?"

"Mzima. Yuko Morogoro."

"Basi mupigie kwanza. Kazi itangoja."

Nikashuka na kadi ya simu hadi kibanda cha simu. Mama mkubwa aliniuliza kama nimekula, akanieleza habari za kuku wake waliougua. Sikumwambia kwa nini nimepiga. Nilimwacha aongee mpaka kadi ikaisha.

Niliporudi tuliugawa ule mstari: mama aliyezaa na mama aliyelea. Tukaandika pia kwamba hao wawili ni watu tofauti. Mkuu wetu alitaka mstari wa malezi uondolewe, kwa madai kwamba unatatiza mambo. Dada alimweleza kwa Kifaransa, taratibu, bila kupandisha sauti, hadi mkuu akavua miwani na kusema basi, ubaki.

Kesho yake nilimkuta dada anaingiza watu wake. Alikuwa ameanza na mstari wa malezi, akimwandika tonton, mjomba wake wa Lubumbashi, aliyemchukua yeye alipokuwa darasa la kwanza na kumsomesha mpaka mwisho.