Kabati la Skrubu

Jumamosi, nilipokuwa nikingoja meza yangu kwa seremala mmoja wa mtaa wa Jabe, binti anayekaribia kuolewa alikuwa ameshika mlango wa kabati kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mama yake alitaka wanunue masanduku mawili tu ya nguo.

"Mama, mi naolewa, sikimbii."

"Na mi niliolewa na kabati, mutoto yangu. Vita ikakuja, kabati ikabaki."

Seremala akatia neno: "Hii ni ya skrubu, mama. Unaifungua upesi, unapakia. Ya misumari hapa hakuna mutu anaomba."

"Basi tuchukue hii," mama akasema.

Nilikasirika. Chuoni nawahubiria wanafunzi wangu kila wiki kwamba tupange maisha bila woga. Nikarudi chumbani kwangu, mtaa wa Mutanga Sud, kuandika hoja zangu. Kalamu niliikuta kwenye begi langu la mlangoni, pamoja na diploma zangu zote, tayari kubebwa.