Mabua Yaliyopungua Juani

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Ikutha, mkuu wa kituo cha utafiti wa kilimo alinipa mizani ndogo, mifuko ya wavu na onyo: "Kazi hii haina haraka, Mutua. Na haina watu." Hilo la pili ndilo lililonishinda.

Ninyi vijana mkisikia utafiti mnawaza makoti meupe. Mimi nilivaa akala, viatu vya matairi. Nilikata mabua ya mahindi, nikayakausha, nikayapima na kuyatia mifukoni. Nusu niliianika juani, nusu chini ya kitambaa cheusi. Kila mwezi nilipima tena. Kilichopungua ndicho kilichooza. Tulifundishwa kwamba bila maji hakuna kuoza.

Kiangazi kikaja, bila tone la mvua, na mifuko ya juani ikazidi kuwa myepesi. Ya kivulini haikubadilika sana. Mtafiti mkuu alifika kutoka Makueni, akafungua daftari langu, akacheka.

"Hii ni mchwa, Mutua. Wamekula ukilala."

Iliniuma. Sijawahi kuandika uzito nisiouona. Nikaweka mifuko yote juu ya meza pale nje, nusu bado chini ya kitambaa, miguu ya meza ndani ya mikebe ya oili chafu ili mchwa wasipande, nikahamia pale pale kuilinda. Wageni wangu walikuwa mbuzi wa majirani, nao nikawafukuza.

Mke wangu, Mbithe, alipiga simu kutoka nyumbani Migwani. "Baba Mwende, kuja hata siku mbili tu."

"Nikitoka watasema ni mchwa."

"Na mimi niseme ni nini?"

Nikadai mtandao unakatika. Ulikuwa mzuri kabisa.

Baada ya kiangazi cha pili, mtafiti mkuu alipima mwenyewe. "Kumbe ni jua. Pole, mzee." Mwanga huvunja kile kigumu kinachoshikilia bua, na sehemu yake huishia hewani badala ya kurutubisha udongo. Ndiyo maana nawaambia msiache mabua yote wazi hadi mvua ije.

Nikapelekwa Emali, nikarudishwa Ikutha. Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi nilizila peke yangu. Kila kituo waliliamini daftari langu, na kila kituo nilipika ugali wa mtu mmoja. Upweke ule nauchukia mpaka leo.

Nilistaafu mwaka jana. Nilipofika nyumbani, Mbithe alinitolea kikombe cha wageni.

"Utakaa siku ngapi?"

"Nimerudi kabisa."

Alimimina chai polepole, kisha akauliza, "Wewe huweka sukari?"