Mwalimu Aliyemfufua Stelingi

Habari za kifo cha Mwalimu zilinifikia Jumapili mchana katika grupu letu la kwenye simu, zikiwa zimebanwa katikati ya ugomvi. Tulikuwa tunabishana kuhusu kipindi kimoja cha zamani cha upelelezi, kile tulichokitazama kwenye zile runinga za miguu minne zenye milango na ufunguo: je, gari la inspekta lilikuwa jeupe au la krimu? Mimi ni wa jeupe. Runinga zenyewe zilikuwa za picha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mnaweza kuona ugomvi ulikuwa wa maana kiasi gani. Hapo ndipo binti yake Mwalimu alipoandika kwamba baba amepumzika asubuhi hospitalini, baada ya kusumbuliwa na figo kwa muda mrefu. Ujumbe uliofuata ulisema: "Poleni sana familia. Lakini gari ilikuwa krimu." Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikaona haya kwa kucheka. Kisha nikalia, kwa sababu Mwalimu mwenyewe angeandika vivyo hivyo.

Kwa msomaji asiyetujua, sisi ni kundi la wazee wa Kisumu ambao kila Jumapili baada ya kanisa hukutana kwenye mkahawa wa samaki kando ya ziwa, tukabishana kuhusu picha na vipindi vya enzi zetu mpaka mama mwenye mkahawa aanze kupanga viti juu ya meza. Wengi wao walikulia mtaa wa Manyatta, na wana desturi yao: hakuna kutoa simu mfukoni. Picha husimuliwa kwa mdomo, tangu mwanzo, pamoja na milio ya ngumi na mateke. Hii si jeuri ya uzee tu. Zamani walioingia kwenye kibanda cha video walikuwa wachache, na waliobaki nje walisubiri kesho yake wapigiwe stori. Kwa hiyo nusu ya wanaoapa kwamba waliiona picha fulani waliisikia tu, na hawana habari kwamba ipo tofauti. Mimi nilifika mji huu nikiwa mtu mzima, nikapokewa kama msikilizaji, cheo ambacho hakina haki ya kupinga.

Picha iliyompa Mwalimu jina ilikuwa ya kung'fu. Kijana anawasaka waliomuua babake, mmoja baada ya mwingine, mpaka anabaki yeye na mkubwa wao juu ya daraja. Kanda ya kibanda kile ilikuwa imetafunwa na mashine sehemu ya mwisho. Stelingi, yule kijana shujaa wa picha, amechomwa kisu, anayumba, na hapo hapo skrini ikajaa chenga. Watu wakamgeukia mwenye kibanda, na si kwa upole. Mabenchi yalishaanza kuinuliwa. Mwalimu, wakati huo kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, akapanda juu ya benchi akasema yeye ameiona nzima huko Nakuru, watulie awamalizie. Akawamalizia. Stelingi akatumbukia mtoni, akaibukia ng'ambo, akarudi kijijini akichechemea, akakuta mamake amemwekea ugali na omena, amefunika kwa sahani. Akanawa mikono, akala. Mwisho. Watu wakaenda nyumbani wameridhika, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama wa Kichina alipata wapi dagaa wa ziwa letu. Aliyesema ni mwalimu, na mwalimu hadanganyi.

Mwisho huo ulienea Manyatta yote, ukavuka hadi mtaa wa Obunga, na kwa miaka ndio uliokuwa mwisho wa picha ile. Mpaka juzi juzi, fundi mmoja wa friji ambaye ni mwenyekiti wetu akaipata picha nzima kwenye simu. Desturi ikasimamishwa kwa Jumapili moja. Mwalimu alikuja amevaa suti, kama mtu aliyeitwa kortini, na baadaye nilijua kwa nini. Alikuwa amechapa watoto wa watu maisha yake yote kwa kosa la kusema uongo, na baadhi ya watoto hao walikuwa wameketi pale, wana mvi. Tukatazama. Stelingi akatumbukia mtoni. Maji yakafunika. Yakatokea maandishi ya Kichina, muziki ukapigwa, ikawa basi. Kijana amekufa na mamake hakuonekana popote.

Kisha mama wa mkahawa akafuta mikono kwenye aproni akatoa hukumu: "Hii wamekata." Wote wakapumua, wakaitikia: "Kweli, imekatwa. Hawa watu wa mtandao wanaibaga picha nusu nusu." Mwalimu akasimama. "Sikizeni," akasema, "hii ndiyo yenyewe. Sijawahi kuiona Nakuru. Nakuru kwenyewe nilikuwa sijafika. Ile mwisho nilitunga, kwa sababu mlitaka kumpiga mtu." Mwenyekiti akamtazama kwa huruma. "Wacha hizo, Mwalimu. Umezeeka, yawa, umesahau." Mwalimu akapandwa na hasira. "Na ile omena? Wachina wanatoa wapi omena?" Jibu lilikuja bila kusita: "Si samaki ya China iko kwa soko yetu hapa? Basi na omena ilienda huko." Huyo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

Tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa na kazi moja, kuwashawishi watu kwamba aliwadanganya, na kazi hiyo ilimshinda. Kila alipokiri, sifa yake ilipanda. Wakasema angalia unyenyekevu wa mzee huyu. Nilipomtembelea mara ya mwisho, amekonda na miguu imevimba, hakutaka kuzungumza juu ya figo. "Omera," aliniambia, akiniita ndugu kwa Kijaluo, "niliwachapa watoto kwa hii kitu. Sitaki kuzikwa nayo. Wewe unaandikaga. Waambie." Nimefikiria sana kuhusu ombi hilo. Katika nchi hii mtu akidanganya huaminiwa siku hiyo hiyo; akikiri ndipo anapoombwa ushahidi. Na tunajisifu kwamba simu imetuondolea ujinga, eti kila mwisho wa kila picha uko mfukoni. Uko, ndiyo, lakini mtu akiutoa mfukoni na haumpendezi, huurudisha.

Tulimzika kwao Pap Onditi. Wasemaji walikuwa wengi kama ilivyo kwetu, na grupu letu likapewa nafasi kati ya kwaya na mheshimiwa mmoja aliyemsifu marehemu kwa jina la mtu mwingine. Mwenyekiti hakutoa hotuba. Alisimulia ile picha, tangu kifo cha baba hadi darajani, na mateke yote. Alipofika kwenye ugali na omena, vijana ambao hawajawahi kuona kanda ya video walikuwa wameinama mbele kusikiliza, na mjane, aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, aliuinua. Kisha kipaza sauti kikaja kwangu. Nikaanza: "Marehemu aliniomba niwaambie..." Mama wa mkahawa akanishika mkono wa koti. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba, ngoja. Jeneza iko hapa mbele yetu. Hiyo kijana ikifia kwa mto leo, sisi tutarudi nyumbani na nini?"

Nikasema tu kwamba Mwalimu alikuwa mtu mkweli kuliko wote niliowajua, nikamaanisha kila neno, na umati ukapiga makofi kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo natimiza ombi lake hapa gazetini, ambapo hakuna wa kunivuta koti: alidanganya, alijua, na aliomba sana aaminiwe. Najua mtasoma, mtatabasamu, mtasema mwandishi naye amezeeka. Mwenye uongo wa kukiri na aukiri mapema, kabla haujawafaa watu. Ukishawafaa si wako tena, na hawatakurudishia hata ukifa.