Drili ya Hamisi na Boti ya Mama Sakina

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Kigoma, Msimamizi wa Karakana hakunipa bisibisi. Alinipa mota iliyoungua, akaniambia niinuse. Nikainusa mbele ya wanaume wazima waliokuwa wakicheka chini chini, maana hawakuwahi kuona msichana wa Ujiji akija kujifunza kusuka mota, yaani kuizungushia waya mpya wa shaba.

"Harufu hiyo uishike," alisema. "Mota haifi, huuawa. Na haiponi mezani, hupona kazini. Usiniambie umemaliza kabla hujaiona inafanya kazi."

Baadaye nilihamishiwa Kasulu kwenye pampu za maji, chini ya Mhandisi wa Wilaya, mtu wa maneno machache. Kisha nikarudishwa Kigoma kwenye winchi za bandarini, na huko ndiko nilikostaafia. Kote huko mota zilikuwa za kubebwa na watu wawili. Siku hizi nipo nyumbani Katubuka, humu humu mjini, meza yangu iko barazani, naletewa vidude vya kushikwa kwa mkono mmoja. Vijana, msividharau.

Juzi juzi jirani yangu Mama Sakina, mjane mwenye boti ya dagaa kwenye ufukwe wa Kibirizi, alinijia na seremala wake, Hamisi. Sisi wa ziwani tuna utaratibu wetu: mbalamwezi ikiwaka hatuvui, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa. Boti huvutwa mchangani zikarabatiwe, ili giza likirudi ziingie majini. Boti ikichelewa, wavuvi wake huhamia kwa tajiri mwingine, na kuwarudisha ni shughuli. Nahodha wa Mama Sakina alishamwambia wazi kwamba wakikuta boti bado iko juu, wao wanaondoka. Sasa drili ya betri ya Hamisi imekufa, na mbao za ubavuni bado hazijatobolewa. Mvule mkavu ukiupigia msumari bila kuutoboa kwanza, unapasuka.

"Shikamoo, mama fundi. Imegoma tu," alisema Hamisi.

"Marahaba. Haijagoma, imeuawa. Uliiweka gia gani?"

Akatazama chini. "Ya mbio. Tulikuwa na haraka."

Keekee nene, ile ncha ya kutobolea, kwenye mbao ngumu hutaka gia ya taratibu, la sivyo mota inalemewa na kuungua. Nilimsema mpaka Mama Sakina akamwonea huruma.

Nikafungua kasha. Harufu ileile. Waya za ndani zilikuwa nyeusi, na makaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, yalikuwa yameyeyusha makao yake. Mota ndogo namna hii haisukwi, hubadilishwa. Hamisi akazunguka mji mzima, akarudi na moja tu, volti ileile, umbo lilelile. Akataka niifunge hapo hapo. Mimi nikatazama kwanza meno ya kile kigia kidogo kilicho kwenye ncha ya shafti. Ya mpya yalizidi jino moja. Ningeifunga vile, ingesaga giaboksi yote.

"Basi," Mama Sakina akasema. "Na giza ndilo hilo linakuja." Akakaa chini barazani.

Nami niliogopa, sifichi. Dawa ilikuwa kukihamisha kigia cha zamani, na kikipasuka hakuna kingine. Hamisi akachukua nyundo. Nikamwambia airudishe alikoitoa. Ukigonga unaharibu kitako cha mota. Kigia husukumwa kwa jiliwa, chuma cha kubania kilichofungwa mezani, unakaza polepole mpaka shafti iteleze. Nikaanza na kile cha mota mpya tusichokihitaji, ili mkono uzoee. Kisha cha zamani. Kilitoa mlio, nikafumba macho. Nilipofumbua, kilikuwa kiganjani mwangu, kizima.

Nikakibana kwenye mota mpya kwa jiliwa lilelile, nikaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, nikapaka grisi, nikafunga kasha. Hamisi akabonyeza swichi, ikazunguka. Mama Sakina akasema alhamdulillahi, akataka kunikumbatia.

"Bado," nikamwambia. "Twende Kibirizi."

Walishangaa, wakadhani mwanamke huyu uzee umemwingia. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya boti, Hamisi akitoboa kwa gia ya taratibu. Kila nilipoona anaongeza nguvu nilimwita kwa jina, naye akapunguza. Nilikuwa naigusa drili, ikipata joto namwambia apumzike. Mvule ukatobolewa wote, misumari ikaingia, hakuna ubao uliopasuka.

Giza lilipoanza, boti iliingia ziwani. Asubuhi nilishuka tena ufukweni, nikasimama na Mama Sakina kati ya wanawake waliokuwa wakisubiri na beseni zao. Boti yake ilipotokea ilikuwa imekaa chini majini kwa uzito, na aliyesimama mbele alikuwa nahodha wake yuleyule. Mama Sakina akanishika mkono.

"Hawakuniacha," alisema.

Nilistaafu bandarini nikidhani kazi nimeiacha huko na ovaroli. Kumbe hapana. Nilimkumbuka Msimamizi wa Karakana, Mungu amrehemu, nikamwambia kimoyomoyo: mzee, imepona. Kisha nikarudi Katubuka na bakuli la dagaa wabichi, nikalala usingizi ambao sikuupata tangu Hamisi alete drili ile.