Mama Mkwe Mwenye Magamba ya Samaki

Mtaa mzima ulimwita Kidevu, na jina hilo hakubandikwa kwa uonevu, alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha za pasipoti katika kibanda kilichoegemea ukuta wa ofisi ya vitambulisho, na kila aliyeketi kwenye stuli yake alisikia maneno yale yale: "Kidevu juu kidogo. Usicheke. Usipepese macho." Maprofesa, wauza mkaa, wanandoa wasiosemeshana, wote walitoka pale na sura moja, ya mtu aliyeambiwa gari limeshaondoka. Kidevu alilijua hilo. Akiwa peke yake alikiri kwamba hata angeletewa malaika, angemwambia akunje mabawa yasitoke nje ya fremu.

Kisha ukuta wa ofisi ukapata ufa, kibanda kikafungwa mwezi mzima kupisha mafundi, naye akabaki nyumbani. Siku ya tatu akagundua kuwa yeye ni msanii. Hakuna aliyemwambia, alijigundua mwenyewe, akiwa anakunywa chai.

Aliyempa kichwa zaidi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupamba maharusi.

"Shem, nimechoka," alisema. "Kila Jumamosi nampaka bibi harusi yule yule, majina tu ndiyo yanabadilika. Nataka kupaka uso uwe kitu kingine. Uwe samaki! Wewe una kamera, mimi nina rangi. Na maktaba wametangaza maonyesho ya picha, kila mtu apeleke moja. Tunangoja nini?"

Hawakungoja. Sebule ikageuzwa studio. Meza ililazwa ubavu nyuma ya kochi, shuka jeusi likabanwa kwenye fimbo ya pazia kwa vibanio vya nguo. Dirishani walitundika chandarua ili jua liingie kwa adabu. Taa ya mezani ilifungwa kwenye mpini wa ufagio, na karatasi ya kufungia vyakula, ile inayong'aa, ikabandikwa kwenye boksi la friji ili irudishe mwanga upande wa pili. Meza ya kupigia pasi ikawa ya vipodozi. Kidevu alirudi nyuma hatua mbili, akashika kiuno, akaitazama kazi yake kama mtu aliyejenga daraja. Kibanio kimoja kikafyatuka, kikampiga sikioni.

Wa kwanza kupakwa alikuwa mkewe, aliyekubali ili tu apate sebule yake mapema. Shemeji alimvisha usoni mfuko wa wavu wa vitunguu, akaukaza, kisha akagongagonga sponji yenye rangi ya kijani na buluu juu ya matundu. Alipouvua, shavu lote la kushoto lilikuwa magamba, moja baada ya jingine, kama samaki aliyetolewa majini dakika hiyo. Kidevu alibaki mdomo wazi. Alipiga picha arobaini na moja bila kupumzika, jasho likimtiririka, akijisikia fundi wa mafundi.

Walizifungua kwenye kompyuta. Uso katikati, mabega sawa, masikio mawili yanaonekana. Ya pili hivyo hivyo. Ya ishirini hivyo hivyo.

"Hee," mkewe alisema mwishowe. "Samaki anaomba viza."

Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kidevu naye alijilazimisha kucheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Ndiyo kusema miaka kumi na tisa ilikuwa imemwingia mikononi. Hata akitaka kwenda kushoto, vidole vilimrudisha katikati. Mkewe alinawa uso, akatangaza kuwa yeye si samaki tena, akaenda zake.

Usanii ungeishia hapo, kama si mama mkwe.

Mama mkwe aliishi nao, chumba cha nyuma. Alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, mnyoofu, asiyerudia neno. Akikohoa tu, Kidevu husimama bila kujua kwa nini. Njia ya kutoka chumbani kwake kwenda jikoni ilipita sebuleni, na siku mbili nzima alikuwa akiinama kupita chini ya shuka jeusi, kikombe mkononi. Siku ya tatu alisimama katikati ya studio.

"Nimejifanya sioni vya kutosha," alisema. "Nipakeni mimi."

Kidevu alisimama wima. "Mama, tusikusumbue…"

"Nimekwambia unanisumbua?"

Alipakwa. Na mikunjo ya uso wake iliyashika magamba vizuri kuliko shavu lolote laini; yalipanda yakashuka kama yapo kwenye maji. Kidevu alikaa nyuma ya kamera, akatazama, kisha akapigwa na haya. Wageni aliwaamrisha kama askari, lakini huyu ni mama mkwe.

"Mama, kama hutajali, yaani, ukiweza, ile sehemu… ile ya chini ya uso…"

"Kidevu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi sema kidevu. Mtaa mzima wanakuita hivyo, wewe ndiye unayeona aibu?"

Nyuma ya boksi la friji, shemeji aling'ata kitambaa asicheke. Kidevu alipiga picha tatu. Zote za pasipoti. Alitamani sakafu ifunguke.

"Unataka kuona nini?" mama mkwe akauliza.

"Sijui, Mama."

"Tangu nikae hapa umejificha nyuma ya hicho kimashine kama mtoto nyuma ya mlango. Wanawake niliowazalisha niliongea nao. Mtu hafunguki kwa kuambiwa asipepese macho."

Maneno yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Kidevu alihesabu kichwani nyuso alizopitisha kwenye stuli ile, maelfu na maelfu, na hakuna hata moja aliyoiuliza swali, isipokuwa kama inataka picha nne au sita. Akapiga moyo konde.

"Mama," alisema, "siku ya kwanza kuzalisha, ilikuwaje?"

Bega moja la mama mkwe likaanza kutikisika.

"Nilizimia," alisema.

"Ulizimia?"

"Puu! Chini! Nimevaa aproni mpya, nimejifunza vitabu vyote, kichwa cha mtoto kikachungulia tu, mimi huyo sakafuni. Nilipofumbua macho, yule mama mwenye uchungu ameniinamia kutoka kitandani, ananiambia, 'Sista, vuta pumzi. Vuta pumzi, tuko karibu kumaliza.'"

Akacheka. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka hivyo, hata binti yake aliyetoka jikoni mbio kuangalia kuna nini. Alijipinda, mkono ukaruka hewani, kichwa kikaenda nyuma, magamba yote yakawaka kwa mwanga wa dirishani. Kidevu naye alikuwa anacheka, kamera inaruka mikononi mwake, kidole kinabonyeza chenyewe. Ufagio wa taa ukaanguka. Hakuna aliyeuokota.

Picha iliyochaguliwa ilikuwa imekata sikio moja. Mdomo wazi, macho yamefumbwa, kidevu karibu kitoke nje ya fremu. Ofisi yoyote ya vitambulisho ingeikataa kwa makosa sita, na Kidevu aliyahesabu yote sita, asilale usingizi mzuri, akijiuliza kama kweli aipeleke. Mkewe ndiye aliyeibeba akaipeleka.

Siku ya maonyesho Kidevu alivaa koti lake la harusi, ambalo halikufunga vifungo tangu harusi yenyewe, akasimama kando ya picha akingoja pongezi. Mtu wa kwanza alimuuliza choo kiko wapi. Wa pili alimkabidhi mwavuli. Mama mkwe, kwa upande wake, alikuwa ameomba kiti, akakaa chini ya uso wake mwenyewe, akipokea wageni mmoja mmoja. Kijani bado kilikuwa nyuma ya sikio lake, alikataa kukisugua.

Mwanamke mmoja alisimama mbele ya picha muda mrefu, akapangusa macho, kisha akauliza nani aliyeipiga.

"Yule pale anayebanwa na koti," mama mkwe akajibu. "Mkwe wangu. Mwoga kweli, lakini akiambiwa anasikia."

Kidevu akainamisha kichwa kwa heshima, mwavuli wa watu mkononi, na mama mkwe akamwita amletee maji ya kunywa.