Stempu ya Kanisa Lenye Ukuta

Nafanya kazi masijala, katika wizara moja kule Mtumba. Barua za posta siku hizi ni chache, kwa hiyo bahasha ikija na stempu ya kigeni tunaigombania kama watoto. Ile niliiwahi mimi. Niliiloweka kwenye kisosi mpaka ikabanduka, nikaikausha ndani ya daftari la kusainia barua.

Ilikuwa na picha ya kanisa la kale la Ulaya, limezungushiwa ukuta mnene wenye vitundu vidogo na lango moja tu. Mwenzangu alitafuta kwenye simu, akasema zamani mahujaji walikwenda kusali hapo, na maadui wakitokea walifunga lango wakajificha humo. Nikaona nimpelekee mama, Kongwa. Mama ni mtu wa kanisa. Tena nilikuwa na shida yangu: mimi na kaka tulishaamua kubomoa tembe lake tumjengee nyumba ya tofali na bati, naye hataki kusikia. Nilitaka kumlainisha.

Jumamosi nilimkuta anapepeta uwele. Baada ya shikamoo na marahaba akaishika stempu kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga.

"Ng'ombe wao wanaingilia wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia hilo ni kanisa, mama, halina ng'ombe.

"Lango moja. Ukuta mnene. Vitundu vya kuchungulia. Hawa walikuwa wanavamiwa." Akanyoosha mkono kwenye tembe lake: vyumba vimelizunguka zizi pande zote, paa la udongo, lango moja. Baba mkwe wake alizaliwa humo, watu na mifugo wamejifungia, wavamizi wako nje. Habari hiyo niliisikia tangu utotoni na sikuwahi kuijali.

"Na hili wamelibomoa?"

"Hapana. Watu wanatoka mbali kwenda kuliona."

"Basi mwambie kaka yako, mwanangu."

Nikaahidi. Jumapili nikarudi kwangu Nzuguni, na kaka sikumpigia. Sikusahau. Matofali yalikuwa yameshafyatuliwa, na kusema kweli niliona haya kuwa na mama anayeishi kwenye nyumba ya udongo, wakati wenzangu ofisini wanaonyeshana picha za nyumba walizowajengea wazazi wao. Jumatano tembe lilikuwa chini.

Nyumba mpya ni nzuri. Ina sebule na madirisha ya vioo. Mama hajalalamika hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Stempu ameibandika ukutani kwa ugali, chini ya kalenda ya kanisa. Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi pale sebuleni, akaingia jirani aliyehamia karibuni. Akaisogelea, akauliza hapo ni wapi.

"Kwangu," mama akamjibu, huku akimsogezea kiti. "Kabla wanangu hawajanibomolea."