Waliporudi kutoka Uganda

Ijumaa moja wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwakamata Wakikuyu, nilikuwa stesheni ya Thika wanafunzi wa ualimu walipoteremka kwenye treni, wakiwa wamemaliza ziara ya majuma mawili Uganda. Walikuwa bado wanaimba askari alipowasimamisha.

"Wakikuyu wachuchumae hapa. Wengine nendeni nyumbani."

Kiongozi wao, msichana wa Kiluhya, akasema, "Afande, tumesafiri pamoja kwa barua moja ya ruhusa."

"Barua hiyo iliishia Uganda."

Mvulana mmoja alichuchumaa, mikono kichwani, akacheka kwa uchungu. "Kule waliniita Mkenya. Nimefika kwetu, nimekuwa Mkikuyu."

Lori la polisi lilipokuja kuwachukua, yule msichana alipanda nao bila kuitwa. Mimi, Mkikuyu pia lakini mwenye kibali cha serikali mfukoni, nilirudi Ruiru nikanywa chai.